Kukopa wimbo si kosa, kosa ni kufuta jina la mwenyewe

Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, ilitoka Marekani tarehe 12 Januari 1969. Ina nyimbo tisa. Ukiipiga leo katika baa yoyote ya Nairobi wanakokutana watu wa roki, wapo watakaoimba nayo mwanzo hadi mwisho, na wengi wao walizaliwa miongo mitatu baada yake. Mimi pia naipenda, na naihesabu miongoni mwa albamu za kwanza zenye nguvu zaidi katika muziki huu. Hata hivyo, katika nyimbo hizo tisa, mbili ni za mtunzi mmoja wa Chicago, moja ni ya mwanafunzi wa California, moja ni ya kijana aliyeiimba New York kwa gitaa bila ngoma, moja imesimama juu ya vidole vya mpiga gitaa wa Scotland, na nyingine imebeba vipande vya wanabluzi Howlin' Wolf na Albert King. Zinabaki tatu.

Wapo wanaotumia hesabu hiyo kusema kwamba Led Zeppelin walikuwa wezi na basi. Wapo pia wanaojibu kwamba muziki wote ni kuazimana, kwa hiyo tusisumbuane. Pande zote mbili naona zinakwepa jambo lenyewe. Kilichowatia doa mpiga gitaa wao Jimmy Page na wenzake ni mstari mmoja wa herufi ndogo, ule unaochapwa chini ya jina la wimbo. Mstari huo ndio unaoamua nani atakumbukwa na nani atalipwa, na bendi zetu changa zinaupuuza zinapotoa albamu zao za kwanza kana kwamba ni mapambo ya jalada.

Kwanza tuelewe walivyokuwa na haraka. Yardbirds, bendi yake ya awali, walipovunjika katikati ya 1968, Page alibaki na jina la bendi pamoja na maonyesho ya Skandinavia yaliyokuwa yameshakubaliwa. Akawatafuta mwimbaji Robert Plant, mpiga ngoma John Bonham na mpiga besi John Paul Jones, na Agosti mwaka huo wakakutana kwa mazoezi ya kwanza katika chumba kidogo mtaa wa Gerrard, London. Septemba walikuwa Skandinavia wakijiita New Yardbirds. Kabla Oktoba haijaisha walikuwa wamemaliza kurekodi katika Olympic Studios, London. Page amesema kazi nzima ilichukua saa 36 za studio na kugharimu pauni 1,782, pesa zilizotoka mfukoni mwake na mwa meneja wao, Peter Grant.

Bendi ya miezi miwili haina nyimbo zake. Ina zile inazozipiga jukwaani. Aliyewahi kupiga na bendi ya hapa mjini anajua mambo yalivyo: Ijumaa usiku unapiga nyimbo za watu kwa sababu hizo ndizo mashabiki wamekuja kuzisikia, na mbili zako unazichomeka katikati ukiomba zisimwage watu nje. Studio ikipatikana ghafla, unaingia na kile ambacho vidole vimeshakizoea. Hapo siwalaumu hata kidogo.

Nyimbo mbili za Willie Dixon, yule mtunzi wa Chicago, waliziandika kwa jina lake. "I Can't Quit You Baby" ilikuwa rekodi ya kwanza ya Otis Rush, mwaka 1956. "You Shook Me" iliimbwa na Muddy Waters mwaka 1962, na watunzi wanaotajwa ni Dixon na J.B. Lenoir. Mtu angeweza kusema hapo deni limelipwa, lakini isikilize vizuri rekodi hiyo ya 1962. Gitaa linaloteleza chini ya sauti ya Muddy, likiifuata neno kwa neno, ni la Earl Hooker. Hooker alikuwa amerekodi kipande cha gitaa kisicho na maneno, na kampuni ikamweka Muddy studioni aimbe juu ya rekodi hiyo hiyo iliyokuwa imeshapigwa. Sauti ya mwimbaji inapita mle mle lilimopita gitaa. Plant alipouchukua wimbo huo miaka sita baadaye na kufuatana na gitaa la Page hatua kwa hatua, kile ambacho dunia nzima ilikisifu kilikuwa wazo la Hooker, na jina la Hooker halimo katika mstari wa watunzi wa Led Zeppelin wala katika ule wa Muddy. Kwa hiyo hata pale walipoandika majina yaliyosajiliwa, yuko mpiga gitaa aliyebaki nje, aliyetolewa huko huko Chicago na watu wake mwenyewe.

Nimekaa sana hapo kwa sababu ndipo mjadala huu unapokuwa mgumu. Wanaomtetea Page husema Dixon naye alichota kwenye kisima cha wote, maneno na milio iliyokuwa ikizunguka Mississippi kabla hajazaliwa mwaka 1915. Ni kweli. Bluzi ilikua hivyo, mtu anasikia beti mahali, anaibeba, anaongeza yake. Ila kisima kile kilikuwa cha watu waliokaa hali moja, wakipigia karamu zile zile, na ukichota leo kesho unachotewa. Mambo hubadilika wimbo unapopelekwa kusajiliwa. Kuanzia hapo kila santuri inayouzwa na kila redio inayoucheza inatuma pesa kwa jina lililoandikwa, na wengine wote waliouvusha wimbo hadi hapo wanakuwa hawapo.

Suala la Jake Holmes, yule kijana wa New York, ndilo linalonikera zaidi, na sioni namna ya kumtetea Page. Mwaka 1967 Holmes alitoa albamu yenye wimbo "Dazed and Confused". Hauna ngoma. Besi inashuka ngazi baada ya ngazi, polepole, kwa namna inayotia hofu, na sauti inalalama juu yake. Agosti mwaka huo alifungua onyesho la Yardbirds huko Village Theater, New York. Jim McCarty, mpiga ngoma wao, amesimulia kwamba kesho yake alikwenda kuinunua albamu hiyo. Yardbirds wakaupanga upya wimbo na kuupiga jukwaani hadi walipovunjika. Ulipoingia katika albamu ya Led Zeppelin, jina la wimbo lilikuwa lile lile, besi ilishuka ngazi zile zile, maneno mengi yalikuwa yamebadilishwa, na chini yake pakaandikwa mtu mmoja: Jimmy Page.

Sikatai alichoongeza. Pale katikati anapolikwaruza gitaa kwa upinde wa fidla, ngoma zikanyamaza na Plant akajibizana na mlio huo kwa vilio visivyo na maneno, hakuna kitu kama hicho kwa Holmes. Kisha Bonham anaingia na wimbo unaanza kukimbia. Dakika hizo ni za Led Zeppelin, halali yao. Lakini msingi wa nyumba ulikuwa umeshamwagwa na mtu mwingine, na Page hakuweza kusema hakumjua. Holmes alikwenda mahakamani mwaka 2010, wakaelewana nje ya mahakama na kesi ikafungwa. Tangu hapo matoleo mapya yanaandika kwamba ni wimbo wa Jimmy Page uliotokana na Jake Holmes. Miaka zaidi ya 40 ilipita kabla jina hilo halijaonekana, na hata lilipoonekana liliwekwa mahali pa mtu aliyetoa wazo tu. Mimi naona hiyo ni nusu ya haki.

"Babe I'm Gonna Leave You" ina hadithi tofauti, na hapa niko tayari kumsamehe Page. Wimbo huo ulitungwa na Anne Bredon mwishoni mwa miaka ya 1950 alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, California. Ukapita mdomo kwa mdomo hadi kumfikia mwimbaji Joan Baez, aliyeuweka katika albamu ya 1962. Page na Plant waliujua kupitia kwa Baez, na waliuandika kuwa wa jadi, mpangilio ukiwa wa Page. Bredon mwenyewe alikuja kujua miaka ya 1980 kwamba bendi ya roki ilikuwa imeupiga wimbo wake, na kuanzia 1990 jina lake likaingia pamoja na la Page na la Plant. Naamini hapo walikosea bila kukusudia. Lakini fikiria mwanamke huyo miaka yote ile, albamu inauzwa mamilioni kwa mamilioni, na yeye ameandikwa kuwa ni jadi. Mtu hai anageuzwa kuwa mila.

Sisi tunaijua hali hiyo vizuri. Nenda Kenyatta Market, katikati ya wachoma nyama na wasusi, kwenye vibanda vya santuri za zamani. Chukua santuri ndogo ya benga au ya twisti na uisome lebo katikati: jina la wimbo, jina la bendi, na chini kabisa, kwa herufi za kukazia macho, jina la mtunzi. Hilo jina moja ndilo lililobeba haki yote. Sasa iweke santuri yenyewe kwenye mashine. Mwimbaji anamaliza beti zake, anarudi nyuma, na gitaa la solo linachukua wimbo mzima huku besi ikirukaruka chini yake. Hapo ndipo watu waliposimama kucheza, na hapo ndipo wimbo ulipouzwa. Mara nyingi sana jina la aliyeshika hilo gitaa la solo halipo popote pale, si kwenye lebo wala kwenye mfuko. Tunao Earl Hooker wetu wengi, walioishia kulipwa ujira wa siku moja kwenye studio za River Road, Nairobi.

Na kuna jambo ambalo sheria haifiki. "Black Mountain Side" ya Led Zeppelin imetoka katika namna Bert Jansch alivyoupiga wimbo wa zamani wa Ayalandi katika albamu yake ya 1966. Wimbo wenyewe ni wa jadi kweli, hakuna mwenye kuudai. Ila vile vidole vinavyovuta nyuzi, ule mzunguko wa milio, ulikuwa wa Jansch. Page akaandika kuwa kipande hicho ni chake. Jansch hakupata kitu, kwa sababu haikuwa rahisi kumthibitishia hakimu kwamba mpangilio wa gitaa juu ya wimbo wa jadi ni mali. Kwa mtu aliyekua akisikiliza benga, ambako namna ya kupiga gitaa ndiyo nusu ya utunzi, hilo haliingii akilini. D.O. Misiani akiondolewa gitaa lake, wimbo wake unabaki na nini? Sheria inayohesabu maneno na sauti ya mwimbaji peke yake haikuandikwa na mtu aliyewasikia akina Misiani.

"How Many More Times", wimbo unaofunga albamu, una mwanzo unaomrudia Howlin' Wolf na wimbo wake wa 1951, na katikati Plant anaimba beti za "The Hunter", uliorekodiwa na Albert King mwaka 1967. Mstari wa watunzi unasema Page, Jones na Bonham. Ajabu ni kwamba katika toleo la kwanza hata jina la Plant halikuwamo, si humo wala katika wimbo wowote wa albamu hiyo, kwa sababu alikuwa bado amefungwa na mkataba wa kampuni ya rekodi ya CBS. Mtu aliyeimba albamu nzima hakuandikwa mtunzi wa hata wimbo mmoja. Majina kwenye albamu hii yaliandikwa kwa kufuata mikataba, na aliyekuwa hana wakili aliachwa.

Ninapoandika haya sisemi albamu ishushwe thamani. Page aliweka maikrofoni karibu na ngoma za Bonham na nyingine mbali, ili chumba chenyewe kisikike, na ndiyo maana ngoma hizo mpaka leo zinasikika kama zinapigwa mbele yako. Sikiliza "Good Times Bad Times": ule mguu wa Bonham unaotoa mapigo ya haraka kwenye ngoma kubwa kwa pedali moja uliwafanya wapiga ngoma wengi wadhani anatumia mbili. Jones alikuwa mwanamuziki wa studio aliyejua kupanga vyombo kuliko wengi wa rika lake. Na ile tabia ya kushusha wimbo hadi uwe mnong'ono halafu kuulipua ghafla, ambayo roki yote ya miaka ya 1970 iliirithi, wao ndio walioikamilisha. Mtu mwenye utajiri huo wote angepungukiwa na nini kwa kuandika jina la Jake Holmes?

Jibu ni pesa, na nani anaweza kudai. Dixon aliweza. Mwaka 1985 aliwapeleka mahakamani kuhusu wimbo wa albamu yao ya pili, na 1987 wakaelewana. Dixon ndiye aliyeanzisha wakfu wa Blues Heaven, unaowasaidia wanamuziki wa bluzi kujua na kudai haki zao, na leo makao yake ni jengo lile lile la zamani la kampuni ya rekodi ya Chess kule Chicago. Howlin' Wolf alifariki 1976 bila jina lake kuandikwa kwenye "How Many More Times".

Sasa nirudi Nairobi. Tuna desturi ya kulia kwamba nyimbo zetu zimechukuliwa na wageni, na "Malaika" ndio mfano unaotajwa kila mara. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M wakaupiga wakavuna. Ni kilio cha haki. Lakini ndani ya Afrika Mashariki kwenyewe wapo wanaoshikilia kwamba ulitungwa na Adam Salim wa Tanzania, na Fadhili alifariki 2001 ubishi huo ukiendelea. Nadhani hatuwezi kuwadai Wazungu majina huku sisi wenyewe tunaandika lebo zetu kiholela. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa mtunzi hata akishauza haki zake za fedha, na inailinda kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Haki hiyo ipo, haigharimu kitu kuitekeleza, na bado albamu zinatoka kila mwezi mjini humu ambapo mpiga besi aliyebuni mlio unaoubeba wimbo mzima hajatajwa popote.

Ipo albamu moja ya roki ambayo ningependa kila bendi changa ya hapa iisikilize kando ya ile ya Led Zeppelin. Ilirekodiwa hapa hapa Nairobi mwaka 2004 na kutoka 2006 kupitia Thrill Jockey, kampuni ya Chicago, na ni ya kwanza ya bendi ya Extra Golden. Ian Eagleson na Alex Minoff walikuwa na bendi ya roki Marekani iliyoitwa Golden. Eagleson alikuja Kenya kufanya utafiti wa benga, akakutana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa. Wakaunganisha bendi, na jina lao wakalitoa kwa pande zote mbili, Extra kutoka huku na Golden kutoka kule. Kabla hujaiweka santuri kwenye mashine umeshaambiwa nani anadaiwa na nani.

Ndani yake gitaa la roki na gitaa la benga yanakaa pamoja bila moja kujifanya ndilo lililomzaa mwenzake. Kuna mahali Wamarekani hao wanatulia kwenye mdundo mzito wa kwao, na Otieno anaimba Kijaluo juu yake. Kisha wimbo unakaza mwendo na unajua kabisa sasa tuko Nyanza. Si albamu kamilifu. Sauti yake ni ya mahali palipopatikana, na nyimbo nyingine zinarefuka kupita nguvu zake. Na haikufika hata robo ya robo ya umaarufu wa Led Zeppelin. Otieno alifariki 2005, hakuiona ikitoka. Lakini jina lake limo, tangu nakala ya kwanza kabisa, bila wakili wala hakimu kuitwa.

Ninachowaomba vijana wa roki wa mji huu ni kazi ya saa moja tu. Unapopakia wimbo kwenye majukwaa ya kidijitali kuna nafasi ya kuandika watunzi, na nafasi hiyo ndiyo inayofuatwa na pesa za mirabaha. Kabla ya kuijaza, kaeni bendi nzima, chezeni wimbo, na kila mlio muulizane umetoka kwa nani. Aliyebuni gitaa aandikwe. Kama kibwagizo kimetoka kwa wimbo wa mzee fulani wa Maragoli au wa Machakos, atafutwe, na kama ametangulia mbele za haki watafutwe watoto wake, na makubaliano yaandikwe kabla wimbo haujapaa. Kama ni mtindo tu mliojifunza kwa Wazungu au kwa akina Misiani, hamna deni la fedha, lakini semeni kwenye maelezo ya albamu mlijifunza kwa nani. Msajili kazi hiyo katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ikiwa na majina yote. Fanyeni hivyo sasa hivi, wimbo ukiwa bado hauna thamani ya kugombaniwa, kwa sababu ukishaanza kuingiza pesa hakuna atakayekumbuka kwa hiari ni nani aliyepiga besi.